Kipa Asiyejua Kupiga Mpira

SEHEMU YA KWANZA

Jumapili alidaka mashuti. Jumatatu aliendesha gari la kubebea maiti.

Frank Borghi hakuona ajabu yoyote katika ratiba hiyo, wala majirani zake hawakuona. Alizaliwa tarehe 9 Aprili 1925 katika mji wa St. Louis, jimbo la Missouri, na kukulia The Hill, mtaa wa wahamiaji wa Kiitalia ambako wazee wengi walitolea jasho migodi ya udongo na viwanda vya matofali. Vijana wa mtaa ule walikuwa na ndoto moja, nayo haikuwa soka. Ilikuwa besiboli. Yogi Berra na Joe Garagiola, waliokuja kuimbwa Marekani nzima kwa mchezo huo, walikulia hapo hapo, nyumba zao zikitazamana barabarani. Frank naye alitaka kupita njia hiyo. Mikono ya kudaka na kurusha alikuwa nayo.

Ikaja vita.

Serikali ikampeleka Ulaya na mkoba wa bendeji. Kazi yake ilikuwa kukimbilia pale wenzake walipokuwa wanapakimbia: akisikia mtu analia kwa maumivu katikati ya risasi, huko ndiko aende. Alipita Normandy. Machi 1945 alikuwa Ujerumani, eneo la Remagen kando ya mto Rhine, na mmoja wa majeruhi aliowahudumia huko alikuwa kijana aitwaye Jack Buck, aliyepigwa vipande vya bomu mkononi na mguuni. Buck alipona. Akarudi Marekani, akawa mtangazaji wa redio ambaye St. Louis iliisikiliza sauti yake kwa miongo mingi. Huyo aliyemfunga jeraha alirudi kimya kimya, na nishani mbili: Bronze Star ya ushujaa, na Purple Heart, ile wanayopewa askari waliomwaga damu yao wenyewe.

Vita vilipokwisha akarudia besiboli. Alifika ligi ndogo, zile timu za miji midogo ambako wachezaji husafiri usiku kucha kwa basi wakisubiri kuitwa na wakubwa. Wakubwa hawakumwita. Wakati wa baridi, besiboli inaposimama, alianza kwenda na vijana wa mtaani kwenye soka, apate tu mazoezi ya kuuweka mwili sawa.

Hapo ikafichuka kasoro yake. Hakujua kupiga mpira.

Sisemi kwamba hakuupiga vizuri. Ukimwekea mpira mguuni, hakuna aliyejua utakwenda wapi, yeye mwenyewe akiwamo. Basi akaomba akae golini. Mpira ukija, ataudaka. Akishaudaka, ataurusha kwa mkono, kama alivyozoea kurusha kwenye besiboli, na alikuwa na mkono wa kuufikisha mbali kuliko makipa wengine walivyofika kwa mguu. Goli kiki zikabaki kazi ya mabeki. Kocha wa leo angemfukuza siku ya kwanza ya majaribio.

Na ligi yenyewe ilikuwa ipi? Msomaji asije akafikiria viwanja vya taa na kamera. Marekani ya miaka ile haikuwa na ligi kuu ya nchi nzima. Kulikuwa na ligi ya pwani ya mashariki, na miji kama St. Louis ilikuwa na ya kwake, ya wachezaji wa ridhaa waliolipwa vijisenti pale walipolipwa. Timu zilibeba majina ya waliozinunulia jezi. Ya Borghi iliitwa Simpkins-Ford, kwa kuwa mfadhili wake aliuza magari ya Ford. Sisi tungeziita timu za ndondo, lakini tungekosea kidogo, maana ndondo hiyo ilikuwa na watu wanaoujua mpira: mwaka 1948 Simpkins-Ford walitwaa National Challenge Cup, kombe kongwe linalozikutanisha klabu za nchi nzima, na mwaka 1950 wakalitwaa tena, safari hii wakiwashinda Ponta Delgada, timu ya Wareno wa Fall River, Massachusetts.

Mwaka huo huo wa 1950 Brazil iliandaa Kombe la Dunia, la kwanza tangu vita. Marekani ilikuwa imefuzu kwa kuchechemea. Katika mashindano ya kufuzu yaliyofanyika Mexico mwaka 1949, ilichapwa na wenyeji 6-0, kisha 6-2, ikaokolewa na Cuba, ambayo ilikuwa dhaifu kuliko yenyewe. Nafasi zilikuwa mbili kwa timu tatu.

Walipotajwa watakaokwenda Brazil, watano wa kikosi cha kwanza walitoka St. Louis. Golini: Frank Borghi, umri miaka 25, kazi yake mazishi.

Kundi lao lilikuwa na timu nne. Marekani wenyewe. Uhispania. Chile.

Na ya nne, ilipotajwa, mtu yeyote anayejua soka alijua kipa wa timu ya muuza magari atakuwa na siku mbaya kuliko zote maishani mwake…

*

SEHEMU YA PILI

Uingereza.

Wao ndio walioandika sheria za mchezo, wakakataa kwa miaka mingi kushiriki Kombe la Dunia kwa kuona hakuna wa kushindana naye, na sasa kwa mara ya kwanza walikuwa wanakuja kuchukua kilicho chao. Tom Finney. Stan Mortensen. Wilf Mannion. Billy Wright, nahodha. Nyuma, beki wa kulia aliyeitwa Alf Ramsey, ambaye miaka 16 baadaye angekuwa kocha wa Uingereza iliyolibeba kombe lenyewe. Na kama hao hawatoshi, Stanley Matthews.

Kocha wa Marekani alikuwa Bill Jeffrey, Mskoti aliyefundisha soka Chuo Kikuu cha Penn State. Vijana wake walikuja mmoja mmoja kutoka makazini. Harry Keough alikuwa tarishi wa posta. Walter Bahr alikuwa mwalimu. Joe Gaetjens, kijana wa Haiti aliyekuja New York kusoma uhasibu, aliosha vyombo mgahawani kupata fedha za kujikimu. Ndugu wawili kwa jina tu, John Souza na Ed Souza, walitoka Ponta Delgada, timu ile ile ambayo Borghi alikuwa ametoka kuifunga kwenye fainali ya kombe.

Hadithi hii hupenda kusimuliwa kana kwamba waosha vyombo waliokotwa jikoni wakapewa viatu. Mimi siipendi namna hiyo. Bahr alikuwa kiungo ambaye angecheza popote duniani, na Ed McIlvenny alikuwa amewahi kuichezea Wrexham, klabu ya Wales inayocheza kwenye ligi ya Uingereza. Walichokosa ni muda wa kucheza pamoja.

Kabla ya kupanda ndege walicheza mechi moja ya maana, Randall's Island jijini New York, dhidi ya kikosi cha Waingereza waliokuwa ziarani Amerika ya Kaskazini. Matthews alikuwamo. Wakafungwa 1-0. Bao moja tu; nadhani hapo mtu makini angetega sikio. Hakuna aliyetega.

Mechi ya kwanza ilikuwa Curitiba, tarehe 25 Juni, dhidi ya Uhispania. Dakika ya 17 Gino Pariani, kijana mwingine wa The Hill, akafunga. Wahispania wakaja juu. Borghi akapangua, akaruka, akatupa mpira kwa mkono, wakaja tena. Mapumziko 1-0. Saa nzima ikapita, bado 1-0. Dakika ya 80 ilipofika, Marekani walikuwa wameshika ushindi ambao hakuna aliyewapa.

Kisha, ndani ya dakika kumi za mwisho, mpira ukaingia wavuni mara tatu. Igoa. Basora. Zarra.

Hebu fikiria anayotembea nayo kipa baada ya hapo. Mshambuliaji akikosa bao dakika ya 80, ana kumi za kujisahihisha. Kipa akifungwa dakika ya 89, anabaki na hilo bao mpaka mechi nyingine. Na mechi nyingine ilikuwa baada ya siku nne tu, na wale waliokuwa wanamsubiri walikuwa wamewafunga Chile 2-0 bila kutokwa jasho jingi, wakaenda kupumzika vizuri kwenye mgodi wa dhahabu wa Morro Velho, uliokuwa mali ya Waingereza wenzao.

Borghi alisimulia miaka mingi baadaye kile alichojitakia siku ile. Hakujitakia ushindi, wala sare. Alitumaini atawazuia wasizidi mabao manne au matano.

Alhamisi, tarehe 29 Juni 1950, uwanja wa Independência, Belo Horizonte. Mwamuzi Mwitaliano, Generoso Dattilo, akatazama saa yake, akaweka kipenga mdomoni.

Sekunde chache baadaye Waingereza walikuwa ndani ya eneo la hatari…

*

SEHEMU YA TATU

Dakika 12 za kwanza zilikuwa mazishi, na marehemu alijulikana.

Uwanja ulikuwa mpya, mdogo, nyasi zake mbovu. Waingereza hawakuvitaka vyumba vyake vya kubadilishia nguo, wakaenda kuvalia kwenye klabu ya jirani. Arthur Drewry, mjumbe wa chama chao aliyepewa peke yake mamlaka ya kupanga kikosi, aliona hakuna sababu ya kubadili timu iliyoshinda, hivyo Matthews alikaa jukwaani na watazamaji. Watazamaji wenyewe walikuwa 10,151, wengi wao Wabrazil waliowashangilia Wamarekani kwa sababu moja: Uingereza ikitoka mapema, njia ya Brazil inakuwa nyeupe.

Lakini ndani ya uwanja ilikuwa upande mmoja. Bentley akapiga, Borghi akadaka. Finney akapiga, Borghi akapangua. Mpira ukagonga mwamba. Ukarudi tena, ukagonga mwamba mara ya pili. Ungemhurumia.

Hapa ndipo nataka msomaji aangalie mikono yake, maana wengi wanaoisimulia siku hii hukimbilia bao. Kipa wa kawaida wa miaka ile akishaudaka mpira, aliupiga kwa nguvu zote uende mbali. Unakwenda mbali, ndiyo, lakini unapiganiwa kwa vichwa, na Waingereza kwa vichwa walikuwa hawachezewi. Baada ya sekunde tano uko tena langoni kwako. Borghi hakuweza kufanya hivyo hata angetaka. Akiudaka, aliinua macho, akamtafuta Bahr au mwenzake aliye peke yake, akamrushia mguuni. Kila mpira aliouokoa uligeuka pasi. Taratibu, bila mtu kutangaza, Marekani wakaanza kuwa na mpira.

Dakika ya 38. McIlvenny, aliyepewa unahodha siku ile kwa heshima ya asili yake ya Uskoti, anarusha mpira wa pembeni kumpa Bahr. Bahr anasogea, anatazama, anapiga akiwa mbali, mita zaidi ya ishirini. Kipa Bert Williams anauona vizuri, anaufuata kulia kwake. Ni wake huo. Katikati ya msitu wa miguu anatokea Gaetjens, anajirusha kichwakichwa, mpira unamgusa, unabadili njia.

Williams alikuwa ameshakwenda upande mwingine.

1-0.

Wapo waliosema Gaetjens aligongwa tu, hakukusudia. Bahr hakukubaliana nao mpaka alipozeeka. Alimjua Joe, na Joe alikuwa na tabia ya kuifuata mipira ambayo wengine wameshaikatia tamaa.

Basi mapumziko yakaja, yakaisha, na kipindi cha pili kikawa cha mtu mmoja. Waingereza walianza kwa dharau, wakaendelea kwa haraka, kisha kwa hofu. Ukiona timu kubwa inaanza kupiga mashuti kutoka pembe zisizofaa, ujue imeanza kusikia saa ikigonga. Kila shuti lilikutana na kijana wa mazishi. Dakika ya 60. Ya 70. Jukwaani watu wakaanza kusimama.

Borghi alikuwa ameshaipita dakika hii wiki ile ile, akiwa mbele 1-0, na alijua kilichofuata. Curitiba ilianza kubomoka dakika ya 80.

Dakika ya 82 Mortensen akawapenya mabeki wote. Mbele yake hakukuwa na mtu isipokuwa kipa. Charlie Colombo, beki wa kati aliyezoea kucheza na glavu mikononi kama bondia, akamkimbilia kwa nyuma, akamrukia mzima mzima, wakaanguka wote wawili. Leo ingekuwa kadi nyekundu kabla vumbi halijatua. Waingereza wakadai penalti. Dattilo akaonyesha nje kidogo ya mstari: mpira wa adhabu.

Ramsey akauweka chini. Akaupiga juu, ukapinda kuingia kati. Jimmy Mullen akapanda juu ya kila mtu, akaukata kwa kichwa kuelekea chini, kona ya lango.

Mpira ukampita Borghi.

Waingereza wakainua mikono kushangilia. Mstari wa goli ulikuwa hatua moja mbele ya mpira, na mwili wa kipa ulikuwa tayari umeanguka upande usio sahihi…

*

SEHEMU YA NNE

Mkono mmoja ulikuwa umebaki nyuma.

Ulifika ukiwa umenyooka wote, vidole mbele, ukaukwangua mpira mstarini na kuutoa nje. Waingereza walilia kwamba umeshavuka. Ramsey alilia. Mullen alilia. Dattilo alikuwa na macho yake na uamuzi wake: si bao. Kona. Wakaipiga, ikaokolewa, na dakika nane zilizobaki zikapita kama zinavyopita dakika za namna hiyo, moja moja.

Marekani 1, Uingereza 0.

Wabrazil waliingia uwanjani na kumbeba Gaetjens juu kwa juu. Magazeti yanasemekana yaliipokea habari yakadhani ni kosa la chapa, kwamba lazima Uingereza walishinda 10-1. Hilo mimi silisadiki. Ukurasa huo unatajwa na kila mtu na hauonyeshwi na yeyote. La hakika ni jingine, na lina uchungu zaidi: kati ya waandishi wote wa Marekani, alikuwapo mmoja tu pale, Dent McSkimming wa St. Louis Post-Dispatch, na alifika kwa likizo yake na nauli yake mwenyewe.

Nikimbize miaka kidogo, nitarudi. Gaetjens alikwenda kucheza Ufaransa, kisha akarudi kwao Haiti; mwaka 1964 alikamatwa na watu wa utawala wa Duvalier na hakuonekana tena. Borghi alirudi The Hill, akaendelea na kazi ya mazishi mpaka akawa na nyumba yake mwenyewe ya kuandaa mazishi. Kikosi kiliingizwa kwenye jumba la kumbukumbu la soka la Marekani mwaka 1976. Mwaka 2005 filamu ikatoka, naye Borghi akaigizwa na Gerard Butler. Alifariki tarehe 2 Februari 2015, umri miaka 89, na kwa kipindi kirefu cha maisha hayo wateja wake wengi hawakujua waliyepeana naye mkono ni nani.

Lakini hayo ni ya mbele. Hiyo jioni ya Belo Horizonte hakuna aliyekuwa anawaza filamu. Walikuwa wanawaza hesabu.

Siku ile ile Uhispania iliifunga Chile 2-0. Ushindi ulikuwa na pointi mbili, na timu moja tu ndiyo ingetoka kwenye kundi. Uhispania walikuwa na pointi nne. Uingereza mbili. Marekani mbili. Chile hawakuwa na kitu. Mechi za mwisho zilikuwa tarehe 2 Julai: Uingereza na Uhispania kwenye uwanja wa Maracanã jijini Rio, Marekani na Chile huko Recife, kaskazini, kwenye joto la kukausha mate. Uingereza iwafunge Wahispania, Marekani iwafunge Wachile, na timu tatu zingelingana. Vijana wa ligi ya Jumapili wangekuwa wamebakiza mlango mmoja tu kufika kwenye timu nne bora duniani. Na ajabu ya mambo, walihitaji Waingereza wawasaidie.

Recife ilianza vibaya. Chile walikuwa na George Robledo, mshambuliaji wa Newcastle United, na mapema akamfunga Borghi. Kisha Chile wakaongeza la pili. Mapumziko: 2-0. Miguu ilikuwa imechoka safari, mechi tatu kwa siku nane, na watu hawa hawakuwa wamezoea zaidi ya moja kwa wiki.

Wakarudi kipindi cha pili. Kabla watu hawajakaa vizuri, Frank Wallace, wa The Hill huyo, akafunga. 2-1. Wakauchukua mpira tena, wakapata penalti. Joe Maca, Mbelgiji wa New York, akaiweka wavuni.

2-2, na zaidi ya dakika 40 bado zipo. Borghi akasimama mstarini kwake.

Kule Rio, ambako bado hakukuwa na bao, mpira ulikuwa unaelea ndani ya eneo la hatari la Waingereza, na chini yake, peke yake, alikuwapo Telmo Zarra…

ITAENDELEA WIKI IJAYO